Kobe na Mafuta ya Nazi

Huko Phoenix, jimbo la Arizona, kuna familia moja yenye asili ya Tanga ambayo kitinda mimba wao alirudi nyumbani siku moja na boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na kobe wa sentimita tano hivi, wa jamii ya sulkata kutoka ukanda wa Saheli. Muuzaji alisema mambo mawili: anakula majani, na hana usumbufu. La kwanza lilikuwa kweli.

Watoto wakamwita Sultani. Baba akamwandalia tangi la kioo kando ya dirisha la sebuleni, mchanga mkavu chini, taa ya joto juu. Sultani akala letusi na nyanya, na siku za wageni akaonja chapati. Akakua upesi, ila kwa namna yake. Kila kipande cha gamba kiliinuka peke yake na kuchongoka, mpaka mgongo wote ukawa vilima vitupu. Wageni wakasifu, wakidhani ndiyo mapambo yake ya kuzaliwa.

Aliyeshtuka ni mama mkwe, akiwa Tanga, kwenye simu ya video. “Mwanangu, huyo kobe mbona ana majipu?” Kabla hajajibiwa, akatoa na dawa: mafuta ya nazi, asubuhi na jioni.

Mkwe hakatai la mkwewe. Sultani akapakwa mpaka akameremeta, kisha akaachiwa sebuleni anyooshe miguu. Akaenda moja kwa moja uvunguni mwa kochi. Alipotoka alikuwa amevaa vumbi, nyuzi za zulia, kifuniko cha kalamu na punje mbili za bisi, vyote vimegandia mgongoni, naye anatembea kwa heshima zake zote. Zulia lina alama mpaka leo.

Kosa la kuliona gamba kama kifuniko tu si la familia hii peke yake. Kule kisiwani Changuu, Zanzibar, ambako kobe wanne wakubwa waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, watalii huwakuta wakubwa wameandikwa umri mgongoni kwa rangi ya buluu, na baba alikwisha kupiga picha nao. Katuni nazo humwonyesha kobe akivua gamba na kwenda kuoga. Hawezi. Uti wa mgongo na mbavu zake zimeungana na gamba lenyewe. Ni mfupa hai, wenye damu na neva, na juu yake pana tabaka la keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha zetu. Ukimgusa mgongoni anajua.

Vilima vilipozidi kuchongoka, Sultani akapelekwa kwa daktari wa mifugo. Daktari alimgeuza huku na huku, akauliza maswali matatu, na kila jibu lilimfanya baba ajikune kichwa. Jua la dirishani? Kioo huzuia ile miale ya urujuanimno ambayo mwili hutumia kutengeneza vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu haifiki kwenye mfupa. Chakula? Sulkata ni mla nyasi, chapati imfuateje? Maji? Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Wiesner na Iben, walichapisha matokeo ya kulea vitoto vya sulkata katika unyevu tofauti na kwa protini tofauti. Watu walikuwa wamezoea kuilaumu protini, kumbe ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi vile vilima.

“Lakini si ametoka jangwani?” baba akauliza. Ametoka, ndiyo, ila huko kwao hujichimbia shimo refu, na ndani ya shimo mna unyevu. Sultani alikuwa chini ya taa mchana kutwa, katika mji usiojua mvua.

Basi akaamriwa kulowekwa kila siku kwenye maji ya uvuguvugu. Beseni lililopatikana haraka ni lile la mama la kunawia wageni mikono, na ndani ya dakika tano Sultani alikunywa maji, akastarehe, kisha akayachafua kwa namna ambayo beseni halikurudi tena mezani. Nyasi kavu na vipande vya mpungate vikachukua nafasi ya chapati. Mchana akatolewa nje apate jua lisilopita kiooni, na kivuli cha kukimbilia.

Vilima vya zamani havikushuka, na daktari alisema havitashuka. Ila pembezoni mwa kila kipande ukatokea ukanda mpya, mweupe na laini kabisa, na mama mkwe akatangaza kwa ukoo mzima kwamba mafuta ya nazi yamefanya kazi. Hakuna aliyembishia.

Sasa Sultani anachimba uani. Mama alipopata kusikia kwamba dume la sulkata huweza kupita kilo 45, alimuuliza baba kama ua wa jirani una msingi imara.