Godoro la Inchi Sita na Busara Yangu

*Mshauri Mkuu, mimi na mume wangu tuna pikipiki ya cc 150. Mwezi wa saba tunataka tuifunge tela, tubebe hema na vyombo, tutoke Katesh tupande hadi Mbulu, tukilala njiani. Yeye hataki nibebe godoro. Anasema tutalala kwenye mkeka kiume. Mimi si mwanaume. Tufanyeje? Mama Vitunguu Saumu, Katesh.*

Mama, umefanya la maana kuniandikia mimi, badala ya yule mwenzangu wa ukurasa wa afya ambaye hata baiskeli anapanda akiwa ameshikiliwa. Mambo ya tela nimeyajua kabla sijaota ndevu. Nikipita Dongobesh na pikipiki yangu, watu huacha gumzo na kusimama. Wapo wanaodai ni kwa sababu ya moshi. Mwenye akili anaijua heshima akiiona.

Godoro tutalifikia. Kwanza historia, maana siwezi kumshauri mtu asiyejua ametoka wapi. Desemba 1934, Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London na pikipiki moja ya Panther, cc 600, ubavuni ina kiti cha abiria na nyuma inaburuta tela. Wakaikata Sahara. Injini ikawafia jangwani, ikasukwa upya Agadez, na Julai 1935 wakaingia Cape Town. Hawakuniuliza kitu kwa kuwa sikuwa nimezaliwa, lakini ukifuatilia safari yao utaona kila walipofaulu walifanya kile kile ambacho ningewaambia. Kwa hiyo mumeo asijione wa kwanza duniani. Wa kwanza walikuwa kina mama, na wa pili nikawa mimi.

Haya, tela. Namjua mumeo ingawa sijamwona. Atakwenda kwa fundi wa kuchomelea, atamwambia, "Fundi, chomelea bomba hapo kwenye keria, tuondoke." Mkamate shati. Pikipiki ikikata kona hulala, tela la magurudumu mawili halilali; ukivigandisha pamoja, kimojawapo kitamlazimisha mwenzake, na mimi najua ndoa za namna hiyo zinavyoisha. Mwambie fundi atafute krosi ya propela kutoka kwenye gari bovu, ile inayojikunja pande zote, na kiungo kingine cha kuzunguka ili pikipiki ilale peke yake. Chuma cha kuvutia kishike kwenye fremu au karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Keria imeumbwa kwa ajili ya kreti la soda. Ongeza mnyororo wa akiba, bolti ikikatika tela lisitangulie kufika Dareda. Magurudumu yawe ya pikipiki hiyo hiyo, si vile vidogo vya toroli vinavyomezwa na kila shimo. Hapo tyubu moja ya akiba itawatosha wote.

Fundi wangu alipoona mchoro niliomchorea alinyamaza muda mrefu. Nadhani alikuwa anajizuia kulia kwa furaha.

Sasa mzigo, na hapa ndipo ninapowapita maprofesa. Tela langu la awali lilikuwa linayumba mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Wengine wangeuza tela. Mimi nilichukua beberu mzito, nikamfunga mbele kidogo ya ekseli, na tela likatulia tuli kutoka Bashanet mpaka Dongobesh, mpaka pale beberu alipogundua kwamba hema ni kitambaa. Sikushauri ubebe beberu, kwa sababu wa aina ile hawazaliwi tena. Lakini elewa alichofundisha: vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe visirundikane nyuma. Wewe unauza vitunguu saumu, kwa hiyo mizani unayo. Pakia tela, kisha weka ncha ya chuma cha kuvutia juu ya mizani. Isome kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote: tela la kilo 60, mizani iseme kilo 6 hivi. Ikisoma sifuri, au ncha ikiinuka yenyewe, shusha sufuria za nyuma. Na tela likianza kuyumba njiani, mumeo aachie mafuta taratibu, mikono ilegee, asiibane breki ya mbele kwa hofu. Wewe nyuma usimkumbatie kwa nguvu. Kukumbatiana kuna saa yake.

Anaringia hizo cc 150? Mwambie Mshauri Mkuu amecheka. Injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mbulu mjini ni zaidi ya mita 1,700. Huku kwetu juu mnaendesha cc 125 hivi, na juu yake mpo wawili, hema, sufuria na kiburi chake. Pale Dareda barabara inapoukwea ukingo wa Bonde la Ufa, gia ya kwanza msiione aibu. Ikibidi, wewe shuka utembee. Nami ningeshuka, ila mimi huwa sihitaji. Na mkirudi kwa njia ya Magara kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, teremkeni kwa gia ile ile ambayo mngepandia. Injini ndiyo ishikilie tela. Breki ikitumika mfululizo hupata moto na kuchoka, na tela la nyuma halijui kwamba mmeamua kusimama.

Umeniuliza mtalala wapi. Hukuniuliza, lakini ungeuliza. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo likalingana na ardhi, na adui aliyekuja kuiba ng'ombe akapita bila kujua kuna familia inakula chini ya miguu yake. Ninyi msichimbe, mtendaji wa kijiji atawauliza mnatafuta madini gani. Ila jifunzeni kujificha nyuma ya mwinuko, maana upepo wa Julai katika nyanda za Mbulu hauna adabu, na usiku baridi yake hupenya hadi kwenye hesabu za madeni. Huyo mtendaji mkamwone kabla jua halijazama, mjitambulishe, muombe mahali. Hema la wageni wasiojulikana huleta sungusungu haraka kuliko chai. Kwenye msitu wa hifadhi wa Mlima Hanang msiingize hema bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Hili linalofuata silitanii. Korongoni msilale, hata kama mchanga ni laini na maji hayapo. Wewe ni wa Katesh, huhitaji nikukumbushe Desemba 3, 2023, tope na mawe yalipoporomoka kutoka Hanang hadi Katesh na Gendabi na kuua watu zaidi ya 80. Julai ni kiangazi, ndiyo. Korongo ni njia ya maji hata linapokuwa kavu.

Tuendelee kunizungumzia. Kwa upande wa chakula mimi ni mpishi niliyekatishwa tamaa na umaarufu wangu mwingine. Ukiinjika maharage kule juu utadhani kuni za Mbulu zimelogwa. Hazijalogwa. Maji huko yanachemka kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo hata yakitokota vipi, moto wake ni mdogo. Loweka maharage usiku kucha, au yabebe yakiwa yameshachemshwa. Mimi huyatazama tu yanaiva, lakini wewe huna macho haya.

Nilitaka sasa nikueleze siku niliyovuka udongo mweusi wa Basotu wakati wa masika, matope yamejaa kwenye madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na jinsi dereva wa trekta la mashamba ya ngano alivyoniuliza kama mimi ni yule... lakini mhariri amepiga simu mara ya pili, anasema nafasi imekwisha na bado sijagusa godoro. Watu wa magazeti wana haraka zao.

Godoro: beba. Sponji la inchi sita halina kilo za kumfanya mwanamume alalamike, na chini ya mgongo ndilo linalozuia ubaridi wa ardhi, kuliko hata blanketi la juu. Tatizo lake ni upepo. Likisimama litakuwa tanga, na mtaingia Haydom bila kukusudia. Likunje, lifunge kwa turubai na kamba za mpira, lilale bapa juu ya mzigo, lisipite mabega yenu. Akiendelea kubisha, lipunguze liwe la inchi tatu na umwambie ni amri yangu. Kofia ngumu mvae wote wawili, si yeye peke yake. Mkeka abebe yeye, akaulalie huko nje na kiume chake.

Ada yangu ni debe moja la vitunguu saumu, vikubwa, vilivyokauka.

*Kwa msomaji wa Babati anayetaka kupiga hema ukingoni mwa Ziwa Babati ili "asikie viboko vizuri": viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, na hema lako liko njiani. Hapana.*