Mjomba wa Bibi Harusi

Suti yangu nyeusi ina kazi mbili tu hapa duniani, kuozesha watu na kuzika watu. Majuzi nikaiongezea ya tatu, kuuza sura, na tangu siku hiyo kifungo cha katikati kimegoma.

Chanzo ni mpwa wangu. Kazi anayoifanya huyu mtoto sijaielewa mpaka leo. Mwenyewe anasema yuko kwenye gemu, na dada yangu akiulizwa naye anajibu kwamba mwanawe yuko kwenye gemu, basi ukoo mzima tumeridhika. Ujumbe wake uliingia Alhamisi usiku: "Anko, Jumamosi kuna shuti ya video Kigamboni. Wanatafuta wazee wa kuuza sura. Posho elfu ishirini, msosi upo. Njoo na suti nyeusi." Halafu akataja jina la msanii.

Msanii huyo simtaji, kwanza kwa sababu bado nampenda, pili kwa sababu ana wanasheria. Lakini mjue kwamba mimi si shabiki wa kuokotwa. Bongo Fleva nimeanza nayo tangu haijapata jina. Kanda ya Mr. II niliinunua nikiwa mwanafunzi, nikaipiga mpaka utepe ukatoka nje, nikaurudisha kwa kalamu ya Bic, nikaendelea. Hard Blasters walipotoa Chemsha Bongo niliikariri yote kabla sijakariri jedwali la kemia, na matokeo ya kemia yalilithibitisha hilo. Tena nina jicho. Mr. II akaja kuwa Mheshimiwa, mbunge wa Mbeya Mjini, mwaka 2010. Profesa Jay wa Hard Blasters akaenda bungeni na Mikumi mwaka 2015. Niliowashangilia wamefika Dodoma. Mimi nimefika Kigamboni, nimeshika kijiko.

Neno "wazee" kwenye ule ujumbe nililiona. Nililikwepa tu, kama mtu anavyokwepa shimo la mtaani kwao.

Nikamwambia Mangi wa dukani, maana ukishamwambia Mangi huna haja ya redio. Kufika Ijumaa jioni hadi fundi viatu ananiita staa. Mke wangu, Mama Zawadi, peke yake ndiye hakutikisika. Aliuliza, "Wanalipa?" Nikasema wanalipa. "Kabla au baada?" Nikamwambia aache kuua ndoto za watu, akaendelea kuchambua mchele.

Tuliambiwa tuwe lokesheni saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na nusu nilikuwa macho, saa kumi na moja na robo niko kwenye kivuko pale Magogoni, nauli shilingi 200, suti iko ndani ya nailoni ya dobi nimeinyanyua juu kama bendera. Pembeni ni Soko la Feri, kwa hiyo hukosi mtu mwenye ndoo ya samaki anayetaka kusimama ulipo wewe. Dobi alinitoza elfu nne kuipiga pasi ile suti. Ndoo moja ya vibua iliitia harufu bure.

Lokesheni yenyewe ilikuwa bustani ya nyumba kubwa karibu na ufukwe. Hema jeupe, maua, meza kuu, keki ya ghorofa sita ambayo ghorofa tano zake zilikuwa boksi. Na viti mia hivi, vimevishwa vitambaa vyeupe na riboni za dhahabu. Nilikuwa wa pili kufika. Nikakaa. Akatokea kijana mwenye redio ya upepo kiunoni. "Mzee wangu, viti havikaliwi. Vitachafuka kabla ya kamera."

Basi tukasimama chini ya mkorosho, watu kama arobaini tuliovaa nguo za harusi, hakuna anayemjua mwenzake. Dairekta alifika saa tatu. Jenereta lilifika saa nne, likakosa mafuta, likafuatwa na dumu. Msanii alifika saa nane na nusu mchana.

Kwenye shuti kuna ngazi, na hakuna atakayekuandikia. Utazijua kwa kuangalia nani amepewa maji. Wa kwanza msanii. Anafuata meneja, halafu chawa wake, halafu madensa, halafu dada aliyevaa shela. Baada yao linakuja gari. Sisi tuko chini ya gari. Lilikuwa Range Rover nyeupe ya kukodi, inalipiwa kwa saa, na mwenyewe alikuwa hapo hapo na kitambaa, kila anayeegemea anafutiwa alama za vidole nyuma yake. Kufika saa saba jua lilikuwa linachoma kweli, wakaleta mwavuli mkubwa. Nikajisogeza. Mwavuli ulikuwa wa gari.

Zamani video zetu hazikuwa hivi. Msanii alisimama mbele ya ukuta wa jirani, akarusha mikono, wakaenda Coco Beach, akarusha mikono tena, kwisha, wimbo unapigwa na tunaupenda. Lakini tangu Diamond alipokwenda Afrika Kusini kushuti Number One mwaka 2013, hakuna anayetaka tena ukuta wa jirani. Wote wanataka hema na droni. Sina ubaya na hema. Ninachosema ni kwamba ukuta wa jirani ulikuwa na kivuli.

Dairekta alikuwa kijana wa kama miaka ishirini na tano, kofia kaigeuza nyuma, anatupanga kwa kidole. "Wewe na wewe, meza ya vijana. Dada, nyuma ya keki." Aliponifikia alisita, akanishika kidevu akanigeuza kushoto, kulia, kama anayechagua papai. "Mzee wangu, wewe una sura ya mjomba."

"Mjomba wa nani?"

"Wa bibi harusi. Wenzako wanacheza, wewe unakula."

Nikamuuliza kama mjomba hawezi kucheza kidogo, hata pembeni. Akafikiri, na nampa haki yake, alifikiri kweli. "Huyu hachezi. Ana kinyongo. Mahari hakupewa yake."

Nikapewa kinyongo na sahani ya pilau.

Hapa naomba tuelewane. Tangu wali wa jana usiku nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Ile sahani ilikuwa na pilau la kukolea, kachumbari, na vipande viwili vya nyama, kimoja cha mafuta. Dairekta akasema, "Akshen!" Akshen ya mtu mwenye njaa mbele ya pilau mnaijua. Nikala kwa moyo wote, na kinyongo nikakiweka kwenye nyusi. Aliposema "Kati!" nilijua nimefanya kazi.

Akaja binti mmoja ameshika simu. Kazi yake inaitwa kontinyuiti. Anapiga picha kila kitu ili wakirudia, glasi iwe pale pale na ua liwe pale pale. Akaiangalia simu, akaiangalia sahani, akaiangalia simu.

"Anko, nyama ziko wapi?"

"Nimekula."

"Zote mbili?"

Nikanyamaza. Ukiulizwa swali la namna hiyo na mtoto wa watu, kunyamaza ndiyo heshima iliyobaki.

"Anko, hii nyama ilitakiwa iwepo mpaka jioni."

Wakaitafuta nyama nyingine kwenye sahani ya mama mmoja aliyeigiza shangazi, wakapachika vipande viwili mahali pale pale, cha mafuta kushoto. Kuanzia hapo amri ikawa moja. Nyanyua kijiko, fungua mdomo, kikikaribia meno, simama. "Usifunge! Usile! Rudisha!" Nimenyanyua kile kijiko mara kumi na moja, nimehesabu, maana hakukuwa na kingine cha kufanya. Mara ya saba pilau lilikuwa limeganda kama udongo wa kufinyangia. Nzi mmoja alitua kwenye ile nyama ya mafuta akala mpaka akaridhika, na hakuna aliyemwambia arudishe.

Kisha kuna jambo la mwendo wa taratibu. Ile picha mnayoiona kwenye video, shela inapepea polepole kama iko chini ya maji, mnadhani watu walikuwa wanatembea polepole. Hapana. Kamera inanasa picha 50 kwa sekunde moja, halafu zinakuja kuonyeshwa 25, ndipo mambo yanapokuwa mazito. Lakini midomo ya msanii lazima iende na wimbo, kwa hiyo pale kwenye shuti wimbo unapigwa mbio mara mbili. Wimbo wa mapenzi ule, unaoliza watu kwenye daladala, ukafunguliwa ukatoka kama panya waliobanwa na mlango. Na msanii wangu, mtu mzima, ndevu zimechongwa, anaukimbiza kwa midomo huku ameshika moyo. Maharusi wanaingia ukumbini mchakamchaka. Madensa wanatetemeka kama waliokanyaga waya. Sisi wageni tukaambiwa tupige makofi kufuata wimbo. Nilipiga mpaka viganja vikawa vyekundu, na bado nilikuwa nyuma kwa mstari mmoja.

Nimetangulia mbele, sijasema alivyofika. Alishuka garini, kundi likamzunguka, na mimi nikajipanga njiani na sentensi yangu niliyoiandaa tangu kwenye kivuko. Nilitaka kumwambia kwamba wimbo wake wa pili, ule ambao haukuvuma, ndio bora kuliko yote. Wimbo ule tunaujua wachache. Nilitaka ajue kwamba mimi ni mmoja wa wachache hao. Akanifikia, akasimama, akavua miwani, akainamisha kichwa kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, mzee."

Mdomo ukajijibu wenyewe, "Marahaba, mwanangu." Naye akapita. Ukishaitikia marahaba huwezi tena kumwambia mtu kwamba wewe ni shabiki wake. Kilichobaki ni kumuuliza wazazi hawajambo.

Msosi ulikuja saa kumi na moja jioni, chipsi kavu, boksi moja kwa watu wawili. Mimi na shangazi tukagawana, naye kwa sababu ya ile nyama yake alijihesabia haki ya kuanza. Na lile pilau? Tulipomaliza sehemu ya ukumbini, dairekta alitangaza pilau sasa ni huru. Tulipogeuka, chawa walishafika. Nilimwona mmoja anasafisha sahani yangu, ile yangu ya mara kumi na moja, hata hajui jasho lililoingia humo.

Saa nne usiku ndiyo nikapanda kivuko kurudi, miguu imevimba, kwa sababu viti vilikuja kukalika kwa dakika arobaini tu za siku nzima. Nyumbani Mama Zawadi alinitazama akaninusa. "Vibua?" akauliza. Nikaenda kuoga.

Posho ilitumwa Jumatano, baada ya simu tatu na ujumbe mmoja wenye Biblia ndani yake. Elfu kumi, na hiyo elfu kumi bila ya kutolea. Mpwa wangu akaeleza kwamba nyingine imekatwa ya chakula. Ukitoa dobi, daladala, kivuko na bodaboda za Kigamboni kwenda na kurudi, nimemlipa msanii yule kama elfu tatu ili anipe shikamoo.

Video ikatoka. Tuliitazama sebuleni, Mangi amefunga duka akaja, fundi viatu yupo, watoto wa jirani wamejaa sakafuni. Harusi ikaja, keki ikaja, gari likaja mara nne. Nilishaanza kukohoa kwa aibu ndipo nikatokea. Peke yangu, skrini nzima! Macho nusu yamefunga, mdomo uko wazi kama pango la popo, kijiko kinakuja taratibu, taratibu, punje moja ya wali inaanguka na kuelea hewani kama puto. Sekunde mbili za kweli, zikawa nne. Halafu gari tena. Watu walishangilia sana, na kwa usiku ule mmoja, nakiri, nilisahau viti.

Asubuhi nikakuta nimekuwa stika ya WhatsApp.

Sijui nani kaitengeneza, ingawa ninamshuku mtu mmoja aliye kwenye gemu. Ni ule mdomo, kijiko na punje yangu, na chini yake maandishi ya njano: HAJACHANGA ILA AMEFIKA. Sasa fikirini mji huu wa Dar es Salaam, kila mtu yuko kwenye kamati tatu za harusi na moja ya kipaimara. Juu ya friji yangu hivi sasa kuna kadi nne za mchango, na ya mwisho ni ya shemeji yangu, mdogo wake Mama Zawadi. Juzi nikaandika kwenye grupu, kwa heshima zote, kwamba mchango wangu utaingia mwisho wa mwezi. Mama mkwe wangu ni mtu ambaye akiandika huandika "Amina" tu, tena kwa wachungaji. Alinijibu kwa stika. Mama Zawadi akaweka alama ya kupenda.

Jana mpwa wangu amepiga tena. Kuna video nyingine, ya msanii mwingine, wimbo wa huzuni, wanashuti msiba kule Bunju na wanatafuta wazee. Nilitaka kukata simu. Kisha nikaikumbuka miguu yangu, nikamuuliza kama marehemu ameshapatikana, maana huyo angalau wanamlaza.