Mwiba Hauna Kosa

Mtu mzima aliyekwamwa na mwiba wa samaki ana sura moja tu, awe shehe, mwalimu mkuu au bwana harusi: macho yamemtoka, shingo ameinyoosha kama kuku anayekunywa maji, kidole kimezama kinywani, na mezani kila mtu ghafla amekuwa daktari. Mmoja anaamuru tonge la ugali limezwe bila kutafunwa, mwingine anataka ndizi mbivu, wa tatu anampiga mgongoni kwa bidii inayotia shaka. Chini ya meza paka anaguguna kichwa cha samaki yuleyule, wala hakohoi. Hapo kwa paka ndipo penye aibu. Watu hujifariji kwamba mnyama kaumbiwa koo la chuma na sisi la hariri. Sikubali. Ukiwatazama walaji samaki wa kweli utaona kwamba mwiba ukiwa mahali pake ndani ya samaki hauna neno. Balaa huanza pale mlaji anapoutenga na samaki wake, kisha asijue kauweka wapi.

Mchukue mnandi, ndege yule anayetandaza mabawa juu ya mawe ya Ziwa Victoria kama nguo zilizosahauliwa kambani. Hana jino hata moja, hachambui, hatafuni. Ufundi wake wote ni kumgeuza samaki mpaka kichwa kitangulie. Magamba na mapezi ya samaki yamelalia upande wa mkia, kwa hiyo akiingia kwa kichwa, miiba ya mapezi hujikunja yenyewe kama mwavuli unaorudishwa alani. Akiingia kwa mkia, mwavuli unafunguka kooni. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wanazungumzia malezi, lakini mnandi kalichukua neno lile kama maelekezo ya chakula. Tena hesabu yake haiishii kooni. Mifupa iliyoshindikana tumboni hufungwa pamoja katika ute, ikawa kifurushi, na takriban mara moja kwa siku ndege anakitapika na kuendelea na shughuli zake. Watafiti huokota vifurushi hivyo, wakachambua vijiwe vya masikio ya samaki vilivyomo, wakajua ndege alikula samaki gani na wa ukubwa gani. Ni mlaji anayetoa risiti. Mdiria naye humpigiza samaki kwenye tawi mpaka atulie, ndipo amgeuze na kummeza. Lakini akiwa anampelekea mchumba au kifaranga, humbeba kinyume, kichwa kikitazama nje, ili anayepokea ameze bila kuhangaika. Itafakari adabu hiyo, kisha umfikirie mwenyeji anayekuwekea bakuli la mchuzi wa samaki aliyevurugika, akakuambia karibu, jisikie nyumbani.

Wengine hawana adabu hizo, ila nao hawafanyi kazi nusunusu. Mamba ana asidi tumboni inayoyeyusha mifupa, basi kwake mwiba ni kiungo tu. Pomboo wa Ghuba ya Mexico, akikutana na kambare wa baharini mwenye miiba mitatu inayojifunga kama komeo, hukata kichwa chote pamoja na miiba yake, akala mkia, akaenda zake.

Utaniambia wanyama nao hukwamwa. Ni kweli, paka huyohuyo ninayemsifu hufikishwa kwa daktari wa mifugo mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri. Lakini madaktari hao huonya zaidi juu ya mifupa iliyopikwa, kwa sababu moto huufanya mfupa ukauke na kuvunjika vipande vyenye ncha. Na kule Florida wavuvi hukatazwa kuwatupia ndege mwari mabaki ya samaki aliyekwisha kutolewa minofu, kwani mifupa iliyoachwa wazi hutoboa mfuko wa mdomo na koo. Mwari huyohuyo akijivulia samaki wake mdogo, humeza mzima bila taabu. Mwiba unaomdhuru ni ule uliopitia mikononi mwa binadamu.

Je, basi tumeze sato mzima kwa kichwa? Mbona dagaa tunamla hivyo, mgongo na kichwa na macho, na hakuna anayelia. Taabu huja na samaki mkubwa, aliyepikwa akalainika, akavunjwa, akafichwa ndani ya wali, kisha akaliwa na mtu anayesimulia siasa. Nakiri kwamba wapo samaki wanaoiyumbisha hoja yangu. Sato na sangara miiba yao imeshikana na mgongo na mbavu, lakini ningu na mwatiko wana vijiba vyembamba vinavyoelea ndani ya nyama bila kushikana na chochote; Ufilipino kumchomoa mwatiko miiba kwa koleo ndogo ni kazi ya watu. Kwa samaki wengine dawa ilikuwa vidole, vinavyouhisi mwiba kabla ulimi haujajua. Uma hauhisi kitu. Mwaka 1982 mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, mvuvi hodari wa samoni, alifanyiwa upasuaji London kutolewa mwiba, na sidhani kama palikosekana vyombo vya fedha mezani. Wakatoliki wameliwekea koo mtakatifu wake, Blasi, na kila tarehe 3 Februari makoo hubarikiwa kwa mishumaa. Mnandi hana hata msimamizi wa parokia. (Lile tonge la ugali, kwa taarifa, huweza kuuzamisha mwiba zaidi. Nenda hospitali.)

Imebaki njia moja ambayo hakuna mnyama aliyeigundua: kumwachia mwenzako miiba yako. Sangara walipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na viwanda vilipokuja kando ya ziwa, samaki alipasuliwa mara mbili. Minofu, laini, isiyo na mwiba hata mmoja, ikapanda ndege kwenda Ulaya kwa watoto wanaokua wakidhani samaki ni kipande cha mstatili. Mgongo na kichwa vikabaki Mwanza, vikapewa jina, mapanki, vikakaangwa na kuuzwa kwa watu waliozaliwa na ziwa mlangoni. Wapo wanaotetea kwamba kichwa kina utamu wake, na kweli kinao; ila utamu wa kuchagua si sawa na utamu wa kuachiwa. Kule Florida mwari anapigiwa mbiu asitupiwe mfupa uliokwisha kuvuliwa nyama. Kwenye mialo ya Mwanza, mfupa wa namna hiyohiyo una bei.