Mmezidiwa Ninyi kwa Ninyi: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Utawala

Ndugu Mkurugenzi wa Utawala na Rasilimaliwatu,

Yah: Pongezi kwa ikama mpya

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimesikia mmeomba tena kibali cha kuajiri kwa sababu mmezidiwa na kazi. Wapo wanaonung'unika. Mimi nakupongeza, maana mmefuata hisabati hatua kwa hatua, pengine bila hata kushika kikokotoo.

Mwaka 1955 mwanahistoria Mwingereza, C. Northcote Parkinson, aliandika katika gazeti la The Economist fomula ya kukua kwa ofisi. Aliingiza humo idadi ya maofisa wanaotafuta cheo kwa kuongeza watu chini yao, miaka kati ya kuajiriwa na kustaafu, na saa zinazoliwa na madokezo ya ndani. Akapata kwamba watumishi huongezeka kwa asilimia 5.17 hadi 6.56 kila mwaka, kazi iwepo isiwepo. Fomula ilikuwa mzaha, lakini hesabu za watu alizozitaja ziliuma. Kati ya 1914 na 1928 manowari kubwa za Uingereza zilipungua kutoka 62 hadi 20, huku maofisa wa makao makuu ya jeshi la majini wakiongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Hata Colonial Office, iliyotutawala kutoka London, ilikuwa na watumishi 372 mwaka 1935 na 1,661 mwaka 1954. Tanganyika, kwa ninavyojua, haikutanuka mara nne.

Siri iko kwenye ngazi. Afisa aliyechoka hataki kugawana kazi na mtu wa cheo chake, kwani huyo ndiye atakayegombea naye kiti. Huomba wasaidizi wawili, wachungane. Nao wakichoka, kila mmoja hupewa wawili wake, na watu saba wanaifanya kazi ya mmoja.

Kwenu nimeyaona. Barua yangu ya kuomba nakala ya ramani ya kiwanja ilipigwa muhuri masijala, ikafunguliwa jalada. Afisa akaandika "Naomba maelekezo". Mkuu wa kitengo akaandika "Tuzungumze". Mkurugenzi msaidizi akaandika "Nimeona". Aliyekuwa akikaimu nafasi yako akafuta "aidha", akaweka "vilevile", kisha jalada likateremka kwa njia ileile. Jibu lilikuwa na mistari miwili: nijaze fomu.

Sidhani kama kuna mvivu kati yao. Mwaka 1933 mtaalamu wa menejimenti, V. A. Graicunas, alikokotoa kwamba mkuu mwenye wasaidizi watano ana mahusiano 100 ya kusimamia, yake na wao na yao wao kwa wao, na akiongezwa wa sita yanafika 222. Kwa hiyo mnaposema mmezidiwa, nawaamini kabisa. Mmezidiwa ninyi kwa ninyi.

Ombi langu ni dogo. Katika ikama ijayo, ukishawapanga manaibu na wasaidizi wa manaibu, tubakizie nafasi moja ya karani wa dirisha namba 3. Limefungwa tangu Januari, na foleni inafika getini. Dada aliyekuwa akituhudumia pale alipandishwa cheo, na sasa ana wasaidizi wawili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi