Samaki wa Kushika na Kuachilia

Usiku mmoja wa Januari, saa tatu, nilikuwa nimetia miguu kwenye beseni la maji moto simu ilipolia. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yangu, yule tuliyemchangia harambee akaenda Minnesota, ambako Wakisii wamejaa kama soko la Keroka. Kwake ilikuwa saa sita mchana. Nikafuta mkono haraka, maana simu ya Marekani huenda ikawa na habari ya pesa.

Haikuwa na habari ya pesa. Ilikuwa ya video.

"Baba mdogo, niangalie!"

Nikamwangalia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, amesimama katikati ya mto, theluji kila upande, ndevu zimeganda kama amekunywa uji bila kupangusa mdomo. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie, ili siku ya kikao cha ukoo nisiambiwe nimezua.

"Kuna baridi kiasi gani huko?"

"Nyuzi 15 chini ya sifuri, baba mdogo. Siku nzuri sana!"

Sisi wa Itumbe, huku Kisii, si wageni wa baridi. Julai ukungu unalala juu ya majani chai hadi saa nne, na mchumaji anachuma kwa vidole asivyovisikia. Lakini baridi yetu ina adabu: ukiingia jikoni, inabaki mlangoni. Na tangu nizaliwe sijaona Mkisii akitoka jikoni mwezi wa Julai kwenda kusimama ndani ya mto Gucha kwa hiari yake, tena kwa leseni ya kulipia.

Akaanza kunisomesha. Anavua trauti. Samaki huyu ana damu baridi. Maji yakipoa, naye anapoa. Hana haraka, hali ovyo, anajibanza kwenye kina ambapo maji yametulia. Kwa hiyo mvuvi wa majira ya baridi haamki alfajiri. Anangoja mchana, jua liongeze nyuzi moja au mbili, visubi vianze kuruka juu ya maji, ndipo samaki akumbuke kwamba ana tumbo. Hapo nilimheshimu samaki, kwa sababu hizo ndizo tabia zangu za Julai.

Chambo chenyewe ni uzi na unyoya uliofungwa kwenye ndoana ndogo kama punje ya wimbi. Akirusha mara chache, vipete vya ufito vinaziba kwa barafu, anavibandua kwa vidole, anarusha tena. Nilichoka kwa niaba yake.

Mara uzi ukakaza. Akainua samaki mnono, mwili wote madoadoa, na mate yakanijaa. Mke wangu akasema huyo wa kukaanga, kisha nyanya na dania. Kijana akainama, akamlaza majini taratibu kama anayelaza mtoto, samaki akaenda zake.

"Ameponyoka!" nikapiga kelele.

"Hapana, baba mdogo. Nimemwachilia. Kwenye mito hii ya kusini mashariki, msimu wa baridi sheria ni kushika na kuachilia."

Yaani ni kama kwenda buchani, upimiwe kilo, ulipe, uipapase nyama, kisha umrudishie mwenye bucha na umshukuru. Mke wangu alimhurumia samaki zaidi. "Kuitwa bure," akasema, "kwenye baridi hii!"

Ugonjwa huu wa trauti Kenya tunaujua. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyekwisha kutembea kutoka Cape hadi Cairo, alileta trauti kutoka Loch Leven huko Uskoti, akawatia mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Baadaye mito ya Mlima Kenya ikapata wake, na hata majirani zetu wa Kericho wakapata wao katika Kiptiget. Sisi tukarukwa. Silalamiki. Trauti anataka maji baridi, safi, yanayokimbia juu ya mawe, na Gucha ikishanyeshewa inashuka kutoka Nyamira ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imebeba udongo wa mashamba yetu kuupeleka ziwani. Samaki wetu ni omena, anayekuja na gunia. Huyo hajawahi kuachiliwa na mtu.

"Lakini mto wenu mbona haujaganda?" nikamuuliza.

Akafurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali. Mito ile inalishwa na chemchemi, akasema, na maji ya chini ya ardhi yanatoka na nyuzi kama 9, kiangazi au theluji. Ndiyo maana samaki anaishi humo mwaka mzima.

Hilo halikuhitaji Minnesota. Mama alikuwa akitutuma ensoko, yaani chemchemi yetu, alfajiri ya Julai, maji yakifuka moshi, nasi tukitumbukiza mikono humo tupate joto. Hakuna aliyetuambia hiyo ni sayansi. Tuliambiwa tusichelewe.

"Kweli, baba mdogo! Ile ensoko ya nyuma ya boma ungeweza kufugia trauti. Bado iko?"

Nikatazama beseni.

Pale ensoko nilipanda mikaratusi. Inakua haraka, nguzo zina soko, na maji inakunywa kama wajomba kwenye mahari. Mwaka 2009 Waziri John Michuki alipoagiza ing'olewe kando ya mito, nilisema hiyo ni amri ya watu wa Nairobi. Kisha nikaikata mwenyewe, si kwa ajili ya ensoko, bali harambee ilipopungukiwa na nauli ya ndege ya kijana huyuhuyu. Ilichipuka tena. Ensoko haikuchipuka.

"Baba mdogo? Bado iko?"

"Mtandao unasumbua," nikasema, nikakata.

Mke wangu, ambaye siku hizi huchota maji mtaa wa pili, alisimama mlangoni akiliangalia beseni langu.

"Ukimaliza na hayo," akasema, "usimwage. Sukuma wiki haijanyweshewa."