Paneli, Kibla na Leso za Jirani

Wati 550 zinazoandikwa mgongoni mwa paneli ya sola hupimwa maabarani, ambako mwanga unaoangukia kila mita ya mraba ni wati 1,000 kamili, seli, yaani vile vipande vyeusi vinavyougeuza mwanga kuwa umeme, zina joto la nyuzi 25 za Selsiasi, na jirani hayupo. Masharti hayo matatu hayajapata kukutana juu ya paa lolote la Mji wa Kale wa Mombasa, na ndiyo maana mwenye nyumba anayepanda juu na mita mkononi ili kuhakikisha kwamba hakupunjwa huteremka na maswali ambayo muuzaji hakuyatia katika bei.

Swali la kwanza huzuka kabla paneli haijaliona jua. Paneli ya kiasi hicho ina urefu wa takriban mita 2.28, upana wa mita 1.13 na uzito wa kilo 28 hivi, ilhali nyumba za kale za Kibokoni na Ndia Kuu zilijengwa, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na watu ambao kitu kipana kuliko vyote walichotarajia kukipandisha ngazini kilikuwa kitanda, nacho hufunguliwa vipande. Gari haliingii kichochoroni. Hamali na mkokoteni wake huishia kwenye kona. Na ngazi ya ndani, ambayo ni nyembamba na imesimama karibu wima, hujikunja mahali ambapo kioo hakikunjiki. Inabaki kamba. Paneli hupandishwa kwa nje, ikiipita roshani ya mbao za nakshi kwa nafasi ya vidole vichache, huku wazee wa barazani, ambao kufikia hapo wamekwisha kuhitimu uhandisi, wakiamuru ivutwe na ilegezwe kwa wakati mmoja. Hofu yao juu ya roshani ina msingi, kwa kuwa mtaa huu ni eneo la hifadhi, na anayetaka kubadilisha sura ya nyumba hutakiwa kupitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambako si rahisi kueleza kwamba nakshi iliyovumilia kusi na kaskazi kwa miaka mingi imevunjwa na nishati safi.

Ikishafika juu, paneli hutaka kuelekezwa, na hapo elimu ya kuagiza hudhuru kuliko ujinga wa nyumbani. Vitabu vya maelekezo vinavyoandikwa Ujerumani huamuru paneli itazame kusini na iinuliwe nyuzi 35 hivi, agizo ambalo ni sahihi kabisa kwa Ujerumani. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu Machi hadi mapema Oktoba, na mwezi Juni huwa limeinama nyuzi 27 kutoka utosini. Aliyekitii kitabu huwa mwezi huo amelipa jua kisogo: miale huijia paneli yake kwa mshazari wa nyuzi 62, na hesabu ya pembe huonyesha kwamba anapata chini ya nusu ya mwanga wa moja kwa moja ambao angeupata kama paneli ingelikabili jua. Dira ya simu haimwokoi, kwani ikishikwa karibu na mabati na vyuma hupotoka na kumwonyesha kaskazini mpya kila apigapo hatua. Msaada u karibu naye kuliko anavyodhani. Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Mombasa, tofauti ya longitudo baina ya miji hiyo miwili ikiwa haifiki hata robo ya nyuzi, hivyo kila kibla cha msikiti mtaani ni dira ya sola iliyowekwa kwa uangalifu ambao hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kushindana nao. Paneli iliyoelekezwa kibla na kuinamishwa nyuzi 10, kiasi cha kuteremsha maji ya mvua pamoja na vumbi, haina haja ya kuguswa tena hata jua linapohamia kusini katika miezi ya kaskazi.

Kisha huja kipimo chenyewe. Kanuni za sola za mwaka 2012 zinataka fundi awe na leseni, ambayo sasa hutolewa na EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli; lakini hakuna kanuni inayomzuia mwenye nyumba kununua multimita, kile kifaa kidogo chenye waya mwekundu na mweusi, na kujipa cheo. Kosa la kwanza la mwenye cheo hicho ni kupima volti peke yake. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa mkondo unaopita, na wati, ambazo ndizo nguvu yenyewe, ni volti mara ampea. Paneli ambayo haijaungwa na chochote huweza kuonyesha volti zaidi ya 40 hata chini ya wingu la masika, ila ampea zake ni sifuri, na 40 mara sifuri kila mtoto wa chuo anajua jibu lake. Hata hivyo habari za volti 40 huwa zimekwisha kufika barazani, na kahawa ya kupongezana imekwisha kunywewa.

Kosa la pili lina hila zaidi. Mwenye nyumba husimama mbele ya inveta, yaani mashine inayougeuza umeme wa paneli na betri kuwa umeme wa volti 240 wa kutumika nyumbani, saa sita mchana, jua likiwaka, akasoma wati 180 kutoka kwa paneli 4 ambazo kwa jumla ziliahidi 2,200. Fundi hupigiwa simu kwa sauti ambayo, kwa hakika, haikuhitaji simu. Kumbe betri imejaa tangu saa nne, nyumbani kunazunguka feni mbili na friji tu, na inveta haichukui kwa paneli zaidi ya kinachotakiwa. Tiba ya kitaalamu ni pasi. Ikichomekwa, na birika la umeme likifuata, namba huruka palepale. Ndiyo sababu katika nyumba inayopima sola kanzu zote hupigwa pasi adhuhuri, hata zile ambazo hazikukusudiwa kuvaliwa mpaka Idi.

Bado 2,200 haitimii. Seli zilizo juu ya mabati ya Mombasa huweza kufika nyuzi 65, na kila nyuzi inayozidi 25 hula takriban asilimia 0.35 ya nguvu, kwa hiyo paneli ya wati 550 inabaki na 473. Anayelalamika kwamba jua ni kali mno hata sola haifanyi kazi vizuri huchekwa, na wanaomcheka ndio wasiojua.

Joto angalau huchukua kiasi kinachojulikana. Kivuli hakina adabu hiyo. Seli hufungwa mfululizo, mkondo wa moja ukiwa ndio mkondo wa zote, na ingawa paneli ina diodi, yaani vali za umeme zinazoupitisha mkondo kando ya sehemu iliyofunikwa, sehemu hiyo, ambayo kwa kawaida ni theluthi ya paneli, hutoka kazini. Kwa lugha ya mtaani, pindo la leso likianguka mahali pabaya huondoa wati ambazo zingeendesha friji. Na leso huanikwa saa zile zile ambazo paneli hufanya kazi, kwa sababu ile ile. Jirani akielezwa habari za diodi hujibu kwamba jua ni la Mungu, mwanangu, na jioni huleta sahani ya kaimati, hoja ambayo sayansi haijapata kuijibu. Huongezeka tangi jeusi la maji, dishi la televisheni na kunguru, ndege aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, na ambaye Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini Kenya lilitangaza mwaka 2024 mpango wa kumpunguza kwa milioni moja; mpaka hapo atakapopunguzwa, ukingo wa juu wa paneli ndio baraza lake, na anachokiacha hapo hakiondoki kwa manyunyu.

Wako pia waliofunga sola isiyo na betri, wakitegemea gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa. Stima ya nchi ilipozimika usiku wa 25 Agosti 2023 na sehemu nyingi zikapambazukiwa bila umeme, mifumo ya aina hiyo haikuwa na la kufanya chini ya jua la asubuhi, kwa kuwa inveta ya gridi huundwa ijizime gridi ikikatika, isije ikamuua fundi aliyeshika nyaya mtaani. Ni busara, ila mama mkwe ambaye samaki wake wanaharibika haoni hivyo. Anayesukuma ziada gridini bila mkataba naye hugundua kwamba baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, akawa analipia jua lake mwenyewe. Isidhaniwe kwamba mambo haya yameanza na sola: kampuni ya kwanza ya umeme ya mji huu ilitokana na jenereta ambayo mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliinunua mwaka 1908 baada ya kutumika kwa Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo stima ya Mombasa ilianza kwa mtumba.

Mfumo wa wati 2,200 unaotoa kati ya 1,500 na 1,700 adhuhuri isiyo na wingu, pasi ikiwa imechomekwa, u mzima, na fundi aachwe apumzike. Ukishuka chini ya 1,200, isinunuliwe paneli ya tano kabla hizo nne hazijaoshwa kwa maji matamu, alfajiri, kioo kikiwa bado baridi, wala yasitumiwe maji ya kisima yenye chumvi. Kisha jirani aombwe, kwa heshima na kabla kaimati yake haijaliwa, ahamishie kamba ya nguo upande wa kusini wa paneli.