Namna ya Kuingia Chumbani kwa Mtakatifu Yeronimo Bila Kumwamsha Simba

Kwanza, usiharakishe kumtafuta mwenyewe. Albrecht Dürer, aliyemchonga kwenye bamba la shaba mwaka 1514, amemketisha nyuma kabisa ya chumba, kainamia meza anaandika, na mbele, mnamoingilia, kamlaza simba. Ukimruka simba ili umfikie mtakatifu, picha umeipita tu.

Piga hodi kimoyomoyo wala usingoje karibu. Mzee huyu ndiye aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini. Ana kazi, na hatainua kichwa kwa ajili yako wala yangu. Usinune. Mwenyeji asiyekutazama amekuruhusu kukagua nyumba yake upendavyo. Na nyumba yenyewe ni ya Kijerumani, ya zama za Dürer, ingawa Yeronimo alifia Bethlehemu mwaka 420.

Sasa chuchumaa penye simba. Wasimulizi husema mtakatifu alimtoa mwiba mguuni, naye hakumwacha tena. Macho yamemlegea, mbwa aliye pembeni amelala fofofo. Ukikanyaga mkia, shauri yako. Juu, mumunye mkubwa unaning'inia darini. Makubadhi yamevuliwa chini ya benchi: nawe vua. Dirishani kuna fuvu la mtu. Liamkie shikamoo, kwani limetutangulia sote, kisha pita.

Nisilotaka ulikose ni mwanga. Chukua kioo cha kukuzia, maana picha ina kimo cha kama sentimita 25 tu, usogee kwenye ukuta wa dirisha. Vivuli vya vioo vya duara vimetanda pale, na vyote ni mistari mitupu. Dürer hakuwa na kijivu cha kupaka. Alisukuma ncha ya chuma ndani ya shaba, wino ukajazwa kwenye mifereji, uso wa bamba ukafutwa, karatasi iliyoloweshwa ikagandamizwa hadi ikaunyonya. Penye giza mistari imesongamana. Penye jua hakugusa. Jua lote lile ni karatasi tupu! Anayejigamba kuwa ameimaliza picha hii kwa dakika moja, mrudishe mlangoni aanze upya kwa simba.

Ukitosheka, nenda kwa Melencolia I, picha nyingine ya Dürer ya mwaka huohuo. Dürer mwenyewe aliwahi kuzigawa hizi mbili pamoja. Kule hodi si lazima: zana zimetapakaa sakafuni, na mwenyeji, mwenye mabawa, ameegemeza shavu mkononi hafanyi lolote.